Kitabu Kibaya Kuliko Vyote

Ukitaka kuwajua watu wa benchi lile usiwaulize habari za siasa, maana hapo watakudanganya. Waulize habari za vitabu. Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la vitabu vilivyotumika, la bwana mmoja waliyempa jina la Jalada. Kila asubuhi kazi zikipoa utamkuta hapo Wakili, ambaye sheria hakuisoma hata siku moja ila kubishana kajaliwa. Utamkuta Dakika, fundi saa. Na utamkuta Shangazi na birika lake la kahawa. Yeye hakai, yeye anamimina huku anasema. Ndani ya duka Jalada ana rafu moja ya vitabu vya kutisha, vile vya kumfanya mtu mzima alale na taa inawaka, na sharti la rafu hiyo ni moja tu: ukiazima kitabu, ukirudishe na kikaratasi ndani, umwonye anayefuata. Asubuhi hiyo Jalada alikuwa kakaa na vitabu vitatu mapajani, uso umemshuka, kwa sababu Dada wa Fotokopi alikuwa amerudi kazini.

— Kasema nini hasa? Wakili aliuliza. Yanukuu maneno yake.

— Kasema, "Kaka Jalada, nichagulie kibaya kuliko vyote ulivyo navyo. Nitapita saa nne."

— Si umpe?

— Nimpe vipi, Wakili? Mtoto kamfia mkononi, ana siku tisa. Miezi miwili haijatimia.

Dada wa Fotokopi, duka lake liko ng'ambo ya barabara, ndiye aliyekuwa msomaji nambari moja wa rafu ile, na vikaratasi vyake watu walivipenda kuliko vitabu vyenyewe. "Uk. 61, kisu. Kula kwanza." "Uk. 88 mbwa anakufa, usiseme sikukwambia." Mteja akija kuomba ushauri, Jalada alikuwa anasoma kwanza alichoandika yule dada, ndipo afungue mdomo. Alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Sasa leo akimpa kibaya kweli atamtonesha kidonda, na akimnyima, yule dada hataomba tena kitu pale. Hilo la pili ndilo lililomtisha Jalada zaidi.

— Mpe cha mapishi, alisema Shangazi.

— Hakuomba cha mapishi.

— Najua hakuomba! Mtu mwenye msiba anajua anachotaka? Mimi nilipofiwa na mume wangu nilinunua baiskeli.

— Kumbe unajua kuendesha?

— Sijui mpaka leo. Ipo chumbani, imeegemea kabati.

Dakika akakohoa, kile kikohozi chake cha kuanza mhadhara.

— Niwaeleze kitaalamu. Moyo ni saa. Hofu inakaza springi. Ukikaza kidogo, saa inatembea. Ukikaza sana, pap! Imekwenda. Kwa hiyo aliyefiwa apewe kitabu kisicho na tukio lolote.

— Kama kipi?

— Kitabu cha namba za simu.

— Ondoka hapa, alisema Wakili. Sikilizeni hoja. Mtu akiogopa anatokwa na nini? Jasho. Na jasho ni nini? Ni machozi yaliyopotea njia. Tukimtisha ipasavyo, maji yote yatamtoka kwa jasho, ya kulia hayatabaki, kesi imekwisha. Mimi nasema apewe vitatu kwa mpigo.

— Wewe ni wa kufungwa, Shangazi akamwambia.

— Kwa kifungu kipi?

— Halafu kuna jambo hamlijui, Dakika akaingilia, sauti kaishusha. Kitabu kinamjua anayekisoma. Mimi nina kitabu cha ramani. Kila nikikigusa kinajifungua chenyewe kwenye nchi aliyokwenda mke wangu wa kwanza. Kila siku! Na huyu naye, mpe kitabu chochote, kitamfungukia kwenye kifo.

Jalada akamtazama kwa huruma.

— Mgongo wa kitabu umevunjika hapo, Dakika. Ndipo unapokifungua wewe.

Dakika akanywa kahawa yake mpaka tope la chini.

Jalada akachukua kitabu cha juu. Ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote, alijua hivyo tangu mwanzo. Kiliingia dukani wiki ile ile dada alipojifungua, kwa hiyo hakuwa amekisoma. Kikaratasi cha ndani, cha msomaji mwingine, kilikuwa na mstari mmoja tu: "Uk. 140 mpaka 152, mtoto."

— Basi zibane hizo, alisema Shangazi.

— Nibane nini?

— Kurasa. Si una stepla? Bana mia na arobaini mpaka hapo mwisho, asome zilizobaki. Kitabu kapata, na kuumia hakuumia.

Kwa kweli liliwaingia akilini wote, na Jalada ndiye wa kwanza kuingiwa, maana alikuwa anatafuta pa kutokea. Stepla ilikuwepo, ile kubwa ya mezani. Alikuwa ameiazima kutoka duka la fotokopi kushonea majarida. Akaitoa, akabana. Kha! Kha! Kha! Pini tatu.

— Ngoja, alisema Wakili, ambaye alikwisha kukichukua na kulowesha kidole ulimini. Hapa tisini na saba pana hospitali.

— Bana.

— Thelathini, mwanamke anafua nguo ndogo.

— Za nani?

— Haikusemwa.

— Bana, bana!

— Mbuzi anazaa.

— Anazaa salama?

— Salama kabisa.

— Ndiyo mbaya zaidi hiyo. Bana.

— Kumi na mbili, mtu anasema "baba yangu."

— Sasa hilo nalo lina nini?

— Lina baba. Mwenye baba alikuwa mtoto.

Wakatazamana. Jalada akabana.

Walipomaliza, kitabu kilikuwa kimevimba upande mmoja kwa pini, hakilali tena. Dakika akauliza kimebaki nini. Jalada akakipekua pale kilipokubali.

— Imebaki mvua. Inanyesha ukurasa wa tano, inanyesha tena wa mia mbili na tatu. Na mwenye nyumba anatafuta funguo.

— Anazipata?

— Kurasa za kuzipata tumezibana.

— Basi hicho hakina neno, alisema Shangazi. Mpe kwa moyo mweupe.

— Mpe nani?

Mungu wangu! Dada wa Fotokopi alikuwa kasimama mbele yao, nao wameinamia kitabu, vidole vyeusi kwa wino wa mashine, mwembamba kuliko walivyomzoea.

— Nimefuata stepla yangu, alisema. Wateja wamejaa. Na kitabu changu, kaka.

Shangazi akamimina kahawa bila kuombwa. Jalada akataka kukificha kile kitabu nyuma ya mgongo, lakini mikono ikamkatalia. Akampa. Yule dada akakipima uzito, akajaribu kukifungua, kikagoma. Akajaribu mahali pengine, kikagoma. Akakitazama ubavuni, pini zote zile, halafu akawatazama wao.

— Mmebana nyinyi?

— Sisi, alisema Jalada.

— Kwa nia njema, Wakili akadakia. Nia njema inapunguza adhabu.

Dada akakivuta kikaratasi, akakisoma, na midomo ikahesabu kimya kimya.

— Kurasa kumi na tatu, akasema. Wanakaa naye kurasa kumi na tatu.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, wangejua la kufanya. Wangeomba radhi yangeisha.

— Mnajua kwangu walikaa naye muda gani? Mchana mmoja. Wakaniambia mdogo huyo, jikaze, utapata mwingine. Niliporudi chumbani nguo zake zishakunjwa, zishapelekwa sijui wapi. Tangu hapo kila mtu akiniona anazungumza habari za jua na mvua. Humu kwenye hivi vibaya, mtu akifa wanamsema. Wanasema alivaa nini, alichekaje, alipenda kulalia ubavu upi. Sura nzima! Mimi sitafuti kuogopa, kaka Jalada. Kuogopa nilikwisha kuogopa.

Akakiweka kitabu kwenye benchi. Akawatazama mmoja mmoja, na alipouliza, aliuliza kwa upole kabisa, kama anavyowauliza wateja wanataka nakala ngapi:

— Nani kati yenu anajua alikuwa anaitwa nani?

Dakika akatazama mkono wake, ambao haukuwa na saa. Wakili akaanza kuikwangua kwa ukucha pini moja ya kitabu kile. Shangazi siku ile ya msiba aliosha vikombe vya watu sitini, akafagia na uani. Sasa alikuwa anatafuta kichwani jina na halipo, akalitua birika chini. Jalada naye alikumbuka kwamba alifunga duka, akaenda, akasimama nyuma ya watu, akasema "pole", akarudi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Karibu miezi miwili alikuwa anamwonea huruma mama wa mtoto asiyemjua hata kwa jina.

— Hatujui, dada, alisema. Hatukuuliza. Tuliogopa kukuumiza.

— Niulizeni basi.

Jalada akainuka, akamwachia nafasi yake, yeye akachuchumaa chini vumbini.

— Alikuwa anaitwa nani?

Akawatajia.

Shangazi akalirudia lile jina polepole. Wakili akalirudia, bila kuongeza kitu. Dakika akalirudia na kusema ni jina zuri, jina la mtu, na akafuta macho kwa kile kitambaa chake cha kusafishia vioo vya saa.

— Ng'ambo kule wateja wanakungoja, dada, alisema Jalada.

— Wangoje.

— Haya. Siku tisa si haba, alisema Dakika. Tuanze ya kwanza. Siku ya kwanza alifanya nini?

Yule dada akafikiri. Uso ukamlegea kidogo kidogo.

— Siku ya kwanza alipiga chafya. Mara tatu. Muuguzi akacheka.

— Mfululizo? Wakili aliuliza.

— Mfululizo. Ile ya tatu akafumbua jicho moja, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempigia kelele.

— Lo! Mjeuri huyo! alisema Shangazi.

— Mjeuri haswa, alisema mama yake, analia na kucheka kwa pamoja. Hiyo ya kwanza tu. Ya pili, kaeni vizuri niwaambie.