Milembe Luhaga, Mlinzi wa Friji za Chanjo

Milembe alizaliwa Mwandoya, wilayani Meatu, tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa tatu wa Mzee Luhaga Machibya na Mama Felisita, wakulima wa pamba. Baba yake alimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwani alirithi jina la bibi yake mzaa baba.

Alisoma shule ya msingi hapo Mwandoya, sekondari Bariadi, kisha uhandisi wa kompyuta Dodoma, akahitimu mwaka 2013. Likizo moja aliifungua redio ya mzee ili aone sauti inakokaa. Aliifunga ikiwa nzima, ila tangu hapo ilishika stesheni moja tu, na mzee akaisikiliza hiyo hiyo kwa miaka bila kulalamika.

Tarehe 10 Desemba 2016 alifunga ndoa kanisani Malampaka na Mwalimu Keneth Mwandu.

Mwaka 2018 alianza kutengeneza vifaa vinavyopima joto la friji za chanjo kwenye zahanati na kumjulisha muuguzi kwa simu. Mtandao ulipokatika Bukundi wakati wa mvua, kifaa kilitunza vipimo chenyewe hadi mawasiliano yarudi. Zahanati zilipoongezeka, aligundua kuwa vifaa vyote vilitumia nywila moja. Mwenye kuipata angeweza kutuma vipimo vya uongo kutoka popote. Akasimamisha uzinduzi mpaka kila kifaa kipate nywila yake. Mfadhili wa mradi akamkumbusha kuwa mgeni rasmi ameshaalikwa.

"Mgeni atarudi," Milembe alisema. "Chanjo ikiharibika, mama hatajua. Atakwenda nyumbani akiamini mwanawe amekingwa."

Mfadhili alijitoa. Kazi ilichelewa sana, lakini ilifika wilaya zote za Simiyu.

Mwishoni mwa 2024 figo zake zilianza kushindwa. Akiwa kitandani hospitalini Mwanza aliwafundisha wenzake, Shija na Gloria, kuendesha kila kitu, akisema mfumo unaomtegemea mtu mmoja bado haujakamilika.

"Na nyumbani je?" Keneth alimuuliza.

Milembe alimshika mkono.

Alifariki Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025, asubuhi. Keneth alikunja kanga zake, akaosha kikombe chake, akarudi nyumbani kwao Bariadi akiitikia pole za kila mtu. Bado hajalia, na ndugu mnaombwa msimharakishe.

Ameacha mume, watoto wawili, Jenifer na Athanasi, wazazi wake wote, na ndugu wanne.

Mungu ampe Milembe mapumziko, na Keneth ampe usingizi.