Siku Mbili za Kuchelewa

Benchi la nje ya duka la donati, mkabala na mahakama ya kaunti pale Ohio, halikosi mawakili wasiosomea sheria. Asubuhi ile walikuwepo Jaji, kama wanavyomtania, dereva mstaafu wa basi la shule aliyewahi kuwa mzee wa baraza mahakamani siku tatu na hajanyamaza tangu hapo, na Boila, aliyefanya kazi kiwanda cha chuma kilichofungwa. Kati yao alikaa Vernon Hlavka. Miaka minane nyuma, wakili wake alichelewa siku mbili kukata rufaa ya malezi, binti yake Tessa akabaki kwa mama yake, wakahamia Arizona. Sasa anamshitaki wakili yule. Huja hapa kila siku, maana nyumbani hana hata wa kumjulia hali.

— Siku mbili, na mwenyewe kakiri! Jaji akafoka. Umeshashinda, bwana.

— Bado. Lazima nithibitishe kwamba kama angewahi, ningempata mtoto, Vernon akasema.

— Na wakili huyo anasemaje?

— Kwamba ningeshindwa tu. Mtu yule yule aliyeniambia, "Vernon, mtoto ni wako."

— Haraka haraka haina baraka, Boila akasema.

— We Boila, jamaa kachelewa!

— Basi ndo maana baraka zilimpita.

— Mwite jaji wa rufaa ile, aseme angeamuaje, Jaji akasema.

— Kafariki.

— Mwite mjane wake! Mke anajua mumewe angesema nini.

— Acheni hizo, Boila akasema. Mahakama nzima ihamie kwa Vernon wiki moja, wamwone anavyokaanga mayai. Atakayenenepa ndiye shahidi.

Vernon akacheka nao. Mama mmoja mgeni, aliyekaa pembeni na kapu la nguo akingoja basi, akageuka.

— Samahani, kaka. Binti ana umri gani sasa?

— Kumi na tisa.

— Si aulizwe mwenyewe? Wakati ule angetaka kukaa na nani?

 

Wakili mpya wa Vernon alishamwambia vivyo hivyo mara tatu: bila Tessa hakuna ushahidi. Namba ya binti anayo. Vernon haogopi mahakama, anaogopa jibu. Maadamu binti hajaulizwa, aliyemnyima mtoto ni wakili yule aliyechelewa.

— Umempigia? Boila akauliza taratibu.

— Kesho, Vernon akasema.