Tepe Zilizofika Kabla ya Mjomba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sina muziki wa kufungulia. Fundi mitambo wangu alikuwa ameandaa wimbo wa taratibu, wa kuliwaza, nikamwambia auweke pembeni. Leo nina hasira, na mtaisikia, kwa hiyo tusidanganyane.

Tunamkumbuka fundi makochi. Wengi mlimjua kwa jina la Mjomba Tepe. Mjomba Tepe amefariki kwenye kipande cha mwisho cha ile safari ndefu ya baiskeli, inayopita porini na milimani siku kadhaa bila kugusa lami. Alikuwa kazini. Nasema tena kwa aliyechelewa kufungua redio: amefariki akiwa kazini.

Karakana yake iko nyuma ya duka la rangi. Ukiingia unapiga chafya kwanza, vumbi la sponji hilo, halafu ndiyo unasalimia. Misumari aliishika mdomoni, na aliongea hivyo hivyo. Ukimuuliza kochi lako litakuwa tayari lini, anakujibu kitu usichokielewa, na mimi naamini alifanya makusudi. Ujanani alipeleka viti kwa wateja kwa baiskeli, kiti kimefungwa mgongoni miguu juu. Watu walimcheka njia nzima, naye akiwapungia mkono.

Alipoingia kwenye ile safari mara ya kwanza, aliingia kushindana. Akawa wa mwisho. Si wa mwisho tu, alisahaulika kabisa. Waandaaji walikula, wakacheza, wakaenda kulala, yeye yuko msituni tairi limepasuka. Alipotokea kiwanjani asubuhi, mtu aliyekuwa akifagia alimuuliza anatafuta nini. Mkewe anasema alirudi nyumbani akanuna mpaka akamaliza kuoga. Ndipo akamwambia, "Mama, kuanzia mwaka ujao wa mwisho nitakuwa mimi. Kwa hiari yangu."

Na akawa. Kazi yake ilikuwa hii. Njia huwekewa alama za tepe, vitambaa vya rangi ya machungwa vinavyofungwa kwenye miti. Alizikata mwenyewe kutoka kwenye mabaki ya vitambaa vya makochi, kwa sababu havichuji kwa mvua. Kisha aliendesha nyuma ya mwendeshaji wa mwisho, akizifungua moja moja. Ndiyo maana wakamwita mfagia njia. Hakumpita mtu. Ukichoka, anachoka nawe. Ukilia, anatazama pembeni mpaka umalize. Akifika kiwanjani anapiga kengele ya baiskeli yake, anakabidhi fungu la tepe, litundikwe langoni, na anasema maneno yale yale kila mwaka: "Nyuma yangu hakuna mtu." Hapo ndipo lango la kumalizia linashushwa na gari la wagonjwa linaondoka.

Sasa mwaka huu. Mvua ilinyesha, na njia ya zamani inayopita ukingoni mwa machimbo ya mawe ikamomonyoka. Asubuhi ya siku ya mwisho kamati ilifanya jambo la maana, sikatai. Walihamishia tepe kwenye njia ya kulia, inayozunguka mashambani. Ile ya zamani, ya kushoto, wakaiziba kwa tepe zilizofungwa kutoka mti hadi mti. Mjomba Tepe hakuwa na habari. Alikuwa bado nyuma huko, milimani, ambako simu hazishiki.

Mchana mgeni rasmi akaanza kutazama saa yake. Ana haraka zake. Mwenyekiti wa kamati akataka picha ipigwe kabla mgeni hajaondoka, na picha bila tepe langoni haijakamilika. Akatuma watu na gari wakafungue tepe za karibu, kuanzia kiwanjani kurudi nyuma hadi machimboni. Wakazifungua zote. Zile zilizoziba njia mbovu nazo wakazifungua. Kitambaa ni kitambaa, bwana, kitapendeza kwenye picha. Zikatundikwa langoni, na kila aliyeziona akadhani mfagia njia ameshafika.

Jamani!

Kipande hicho sasa nakijua, nimekiendesha mwenyewe. Unatoka kwenye kibanda cha walinzi wa msitu, mizizi inakurusha mpaka mikono inakufa ganzi. Halafu unashuka, unasukuma baiskeli kilima kizima, mate yamekauka, unajiuliza nani alikutuma. Kileleni upepo unataka kofia yako. Kisha mteremko mrefu wa changarawe, breki zinanuka, na kutoka huko juu unakiona kiwanja, unaliona lango. Unajiambia nimefika. Mteremko unapoishia, kwenye machimbo, ndipo njia inapogawanyika.

Mwendeshaji wa mwisho mwaka huu alikuwa muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Hakutaka ushindi, alitaka kumaliza tu. Ananiambia walifika njia panda wakakuta hakuna utepe, si kulia si kushoto. Mjomba Tepe alisimama akakuna kichwa. Akasema njia ya siku zote ni ya kushoto, ila baada ya mvua hii hauamini ule ukingo. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya miaka yote. Alimpita.

"Dada, wewe kaa hapa hapa," alimwambia. "Ngoja nikakuangalizie."

Ukingo ukaporomoka naye.

Muuguzi alishuka kwa makalio mpaka chini. Alimkuta hai. Alimfunga mguu kwa mpira wa tairi, akamfunika jaketi lake, akapanda tena juu na kushika baiskeli. Kile kipande alichokiota mwaka mzima alikimaliza peke yake, kwa njia ya mashambani, analia. Akakuta lango limeshushwa, viti vinapakiwa, gari la wagonjwa limeondoka. Akawaambia Mjomba Tepe ameanguka machimboni. Aliyemjibu ni mwenyekiti mwenyewe, yule yule aliyetuma gari likazilete tepe.

"Pumzika, dada, unywe maji. Mfagia njia ameshafika. Tepe zake si hizi hapa mezani?"

Walibishana naye. Ana damu mikononi, wanamwambia ni uchovu. Mpaka alipomkamata dereva mmoja shati na kumburuta kwenye gari, muda ulikuwa umekwenda. Walimkuta Mjomba Tepe amekata roho chini ya lile jaketi.

Fundi mitambo ananionyesha kwa mkono nishushe sauti. Sishushi.

Kwa sababu hawakuishia hapo. Kamati imetangaza kwamba marehemu aliacha njia iliyowekewa alama. Wakatupigia simu hapa kituoni, wakaomba kwa upole tuseme hivyo hivyo. Sisemi! Alama zipi? Alama zilikuwa kwenu, zinapigwa picha na mgeni rasmi. Hivi mtu mzima unapata wapi uso wa kumsingizia maiti? Mkewe hakuniomba kitu kingine. "Mwanangu, usimpambe," aliniambia. "Sema tu hakupotea."

Wasikilizaji wapendwa, hakupotea. Nasema tena, Mjomba Tepe hakupotea. Alikuwa kazini.

Jumamosi iliyopita mama huyo alichukua kitambaa kilichobaki karakanani akakikata tepe. Tukaenda kuziweka, waendeshaji wenzake, yule muuguzi, na mimi ambaye mapaja yananidai mpaka leo. Tulizifunga kipande kizima. Njia ya machimboni tuliiziba kwa tepe nyingi kiasi kwamba hata kipofu angeuliza kuna nini. Mama aliendesha nyuma yetu sote, kwenye baiskeli ya mumewe, kiti kimeshushwa.

Kiwanjani walikuwa wamesimamisha lango kwa heshima ya marehemu, na gari la wagonjwa lipo. Safari hii lipo! Mama alifika wa mwisho, akapiga kengele. Mwenyekiti akasogea, akanyoosha mikono apokee fungu la tepe, akingoja maneno yale. Mama hakuwa na fungu. Tepe tulikuwa tumeziacha mitini.

Mama, wewe na binti zako, poleni sana kutoka kwetu sote hapa kituoni. Hatuna cha kuwarudishia, tuna sauti tu, na sauti hiyo ni yenu. Na wewe unayenisikiliza, unayefunga darasa, kiwanda au kliniki jioni hii, usitazame vifaa vilivyorudi ukasema wote wamefika. Waite watu. Ngoja waitike.

Mwenyekiti alikuwa bado amenyoosha mikono. Mama alimtazama, akaweka baiskeli ya mumewe chini ya lango, akasema, "Nyuma yangu kuna mtu." Kisha akaondoka kwa miguu.

Lango halijashushwa. Hakuna aliyethubutu kuligusa.