Mama Aliyebaki Majini

Kwenye treni ya asubuhi, muuguzi aliyetoka zamu alikuwa amefumba macho, lakini masikio yake yalikuwa kazini. Mbele yake, fundi bomba mwenye mfuko wa spana alimgeukia mzee aliyekaa karibu naye, kitabu mkononi na kalamu nyekundu mfukoni. "Mwalimu, na umri huo unasoma katuni?"

"Hii ni riwaya ya michoro, ina tuzo," mzee akafoka. "Filamu yake inatoka Ijumaa."

"Si usubiri uitazame?"

"Nisipoisoma, nitajuaje wameiharibu?"

Muuguzi alibana kicheko. Kumbe kuna watu hulipa kiingilio wakakasirike!

"Binti yangu ndiye atakayenipeleka," mwalimu akaongeza, sauti imeshuka. "Utotoni mwake nilimchania vitabu kama hivi. Safari hii nataka tuongee."

Fundi akainama, macho kwenye kurasa. Mwalimu alipotaka kufunua ukurasa, fundi akamshika mkono. "Ngoja kwanza, huyo mama bado yuko majini!"

"Si ulisema ni katuni?"

"Ni katuni, ndiyo. Ataokolewa?"

Treni ikasimama, mwalimu akashuka na kitabu chake.

Muuguzi akafumbua macho. "Kaka, kitabu chenyewe kinaitwaje?"

Fundi akajipiga paji la uso. "Dada yangu, hata jina sikuliangalia!"