Mkia wa Ndege Juu ya Kabati

Waombolezaji wenzetu, majirani, na ninyi mliotoka hospitali mkiwa bado na sare, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mvumilie historia hii hadi mwisho, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza isomwe bila kuruka mwaka, na hasa usirukwe mwaka 1996, ambao ndani yake kuna jambo linalomhusu shemeji yake aliyekaa safu ya mbele, jambo ambalo marehemu alilitamka hadharani likiwa si kweli, akataka lisahihishwe hadharani, kwa kuwa yeye alijaribu mara tatu akashindwa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bawaba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, baba yake akiwa mlinzi wa geti la kiwanda hicho na mama yake fundi cherehani, na inasemekana kwamba kabla hajatimiza miaka sita alikwisha kung'oa bawaba za kabati la vyombo ili aone zinavyofanya kazi, akazirudisha kwa ustadi mkubwa, ila upande wa kinyume, mlango ukawa unafungukia ndani, na mama yake akakaa wiki nzima akichokonoa vikombe kwa mwiko.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, na sekondari kuanzia 1965 hadi 1968, ambako ripoti yake ya mwaka wa pili ilisema, "Ana akili, ila muda mwingi yuko dirishani," na katika mtihani wa mwisho wa hesabu, baada ya kumaliza kabla ya wenzake, aliikunja karatasi yake ya majibu ikawa ndege, akaichana kidogo nyuma ya mabawa ili ajue itakata kona upande gani, na ikakata kona vizuri sana, ikatoka dirishani, ikavuka uzio, ikarudishwa na mtunza bustani baada ya saa ya chakula, na ndiyo maana cheti chake, ambacho kaka yake mkubwa alisisitiza kitajwe leo, kinatajwa bila alama ya hesabu. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1971 alisomea useremala katika chuo cha ufundi, akapata cheti cha daraja la kwanza, na hukohuko akamwona mkufunzi mmoja akirusha ndege ndogo kwa rimoti, na tangu siku hiyo, kwa maneno ya mjane wake, mama yetu, hakupona.

Tarehe 1 Juni 1972 aliajiriwa katika karakana ya hospitali ya mji, akafanya kazi kwa miaka thelathini na saba na mwezi mmoja, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009, cheo chake cha mwisho kikiwa Fundi Mkuu wa Milango, cheo ambacho hakimo katika muundo wa utumishi wa hospitali yoyote, alijipa mwenyewe akakiandika juu ya mlango wake, na hakuna aliyethubutu kukifuta, kwa sababu katika muda wake hakuna mlango wa wodi uliolia, aliamini kwamba mgonjwa akiamshwa na mlango amedhulumiwa, na matroni wa wakati huo, akichoka kumtafuta jengo hadi jengo, alikuwa anafungua tu dirisha na kupaza sauti, "Bawabaaa!", na jina hilo likamganda hadi kwenye fomu za likizo.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye ndiye mama yetu, baada ya kutengeneza mlango wa chumba cha wauguzi cha kubadilishia nguo mara nne ndani ya mwezi mmoja, na alipotokea mara ya tano na kisanduku cha vifaa, mama akamwambia, "Fundi, huu mlango mzima kabisa. Mbovu ni wewe. Sema unachotaka, nina watoto kumi na wawili wanasubiri sindano." Walijaliwa watoto watatu, waliozaliwa tarehe 9 Septemba 1977, tarehe 2 Aprili 1980 na tarehe 17 Novemba 1985, wote wakajifunza kutembea kwa kushikilia meza ya kuundia ndege, waliyokatazwa kuigusa. Pamoja na mke, marehemu alipata shemeji, mdogo wake mama, mchoraji wa mabango, ambaye kwenye picha ya harusi amesimama katikati ya bibi na bwana, na hakuna anayekumbuka nani alimweka pale.

Kwa wasiojua, ndege ya rimoti, ambayo ukiiita ya kuchezea marehemu alikuwa anavua miwani kwanza ndipo akujibu, haiongozwi na injini, injini inaisukuma tu, inayoiongoza ni vibao vyembamba vilivyofungwa nyuma ya mabawa na kwenye mkia, kibao cha mkia kikiinuka pua inapanda, kikilala pua inashuka, kwa hiyo ndege nzima, pamoja na heshima ya mwenye ndege, inaning'inia kwenye bawaba zisizozidi upana wa kidole. Bawaba za dukani hazikuwepo, na zilipokuja akazidharau, yeye alizikata kutoka filamu za eksirei zilizotupwa, akisema hazichoki hata uzikunje mara elfu kumi, anachonga ukingo wa kibao uwe mfano wa paa la nyumba ili kipate nafasi ya kwenda juu na chini, anapasua nyufa kwa wembe, anaingiza nusu ya filamu kwenye kibao na nusu kwenye mkia, anaacha mwanya wa unene wa karatasi, anatia gundi kwa ncha ya sindano, kisha anapenyeza kijiti cha meno katikati ili filamu isichomoke angani, na kwa kuwa filamu zilikuwa za wagonjwa, kila ndege yake iliruka na mifupa ya mtu, na ile ya mwaka 1996 ilikuwa na mtulinga wa mhasibu wa hospitali, ambaye yupo hapa leo, na ambaye hadi kesho hujigamba kwamba ofisi nzima ni yeye tu aliyewahi kuruka.

Mbao na bawaba zilikuwa za marehemu, rangi ilikuwa ya shemeji, na kila Jumapili alasiri walikutana kwenye uwanja wa mpira nyuma ya hospitali, ambako palikuwa na sharti moja, marehemu anashika rimoti, shemeji anachuchumaa nyuma ya mkia, marehemu anasema "Juu," shemeji anatazama kibao kikiinuka anaitika "Juu," kisha "Chini," "Chini," "Kushoto," "Kushoto," "Kulia," "Kulia," na bila majibu manne ndege haiondoki, hata kama mvua imeshaanza kudondoka, na jirani mmoja aliyewatazama kwa majuma kadhaa alimuuliza mama kwa upole kama wale mabwana wanaombea kitu.

Sasa tumefika mwaka 1996. Jumamosi ya tarehe 17 Agosti ilifunguliwa wodi mpya ya upasuaji, wageni wakaketi chini ya turubai, na marehemu akaombwa arushe ndege yake mpya, ya manjano yenye mistari myekundu, ambayo shemeji alimaliza kuipaka siku mbili kabla. Asubuhi hiyo kile kipembe kidogo kinachounganisha waya na kibao cha mkia kilikuwa kimevunjika, marehemu akakibadilisha harakaharaka karakanani, na walipofika uwanjani shemeji akachuchumaa nyuma ya mkia kama kawaida, akasubiri kuambiwa "Juu," lakini mganga mkuu alikuwa tayari amesimama na kutazama saa, na marehemu, ambaye hakuwahi kufanya haraka kwa ajili ya mtu yeyote maishani, siku hiyo alifanya haraka kwa ajili ya mganga mkuu, akasema, "Achana nayo shemeji, tunajua inafanya kazi," akawasha. Ndege ikakimbia, ikapaa vizuri, watu wakapiga makofi, marehemu akavuta kijiti cha rimoti kwa kidole kuipandisha zaidi, nayo ikainamisha pua, akavuta zaidi, ikainama zaidi, ikapita chini ya turubai na kutua kwenye meza ya wageni, ikapasua chupa tisa za soda, ikasimama wima juu ya hotuba ya mganga mkuu, kurasa za nne hadi kumi na moja zikalowa zisisomeke, na hapo ndipo makofi ya kweli yalipopigwa.

Mganga mkuu akauliza nini kimetokea, na marehemu, mbele ya watu mia tatu, akiwa na rimoti mkononi na soda kwenye viatu, akasema kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia, "Ni rangi! Shemeji kaipaka nzito, imegandisha bawaba!" Shemeji alikuwa na brashi kwenye mfuko wa shati. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Rangi Nzito!", uwanja ukacheka, na kuanzia siku hiyo hilo ndilo likawa jina lake mjini.

Jioni ile karakanani marehemu aliufungua mkia, akakuta bawaba laini kama zilivyotoka kwenye wembe, bila tone la rangi, na kipembe kipya akakiona kimefungwa upande wa juu badala ya upande wa chini, kwa hiyo kibao kilipoambiwa juu kilikwenda chini, jambo ambalo shemeji angeliona kwa jicho moja, kama angeulizwa. Akaufunga mkia kwa gazeti, akauweka juu ya kabati la nguo, ukakaa miaka ishirini na miwili na ushee, na mama akaufuta vumbi kila Jumamosi akidhani ni vyeti.

Shemeji naye aliamini. Alimwamini marehemu kuliko mikono yake mwenyewe, akaanza kuzimua rangi, kwanza kidogo, kisha zaidi, hadi mabango yake yakawa yanasomeka asubuhi tu, na wale mliowahi kujiuliza kwa nini bango la duka la dawa hapo njia panda linaonekana kama limeandikwa kwa mvuke, jibu ndilo hilo, na mwaka 2003, fundi aliyekuwa anapaka rangi bora kuliko wote mjini, aliacha mabango akaanza kuuza fremu za picha, nazo akizipaka rangi ya kuzimuliwa.

Marehemu aliyaona hayo. Tarehe 2 Januari 1997 alikwenda kwa shemeji kusema ukweli, akakuta mlango wa jikoni unalia, akautengeneza, akarudi nyumbani. Tarehe 10 Julai 2004, kwenye harusi ya mtoto wake wa pili, alisimama na kipaza sauti, akasema, "Shemeji, kuna jambo," shemeji akainuka kwa heshima, na marehemu akasifu viti kwa dakika sita, viti vya plastiki vya kukodi, hadi mshereheshaji akamwomba aketi.

Mwaka 2017 moyo wake ulianza kusumbua, na Jumanne ya tarehe 28 Mei 2019 alilazwa katika wodi namba nne, ambayo mlango wake aliupachika mwenyewe mwaka 1983, na kabla daktari hajajua anaumwa nini yeye alishajua mlango unaumwa nini, akaomba mafuta na bisibisi, na muuguzi akamjibu, "Baba, umelazwa, hujaajiriwa." Alhamisi ya tarehe 6 Juni, saa ya kutazama wagonjwa, alimwambia binti yake wa kwanza, ambaye ndiye anayewasomea, kuhusu mkia ulio juu ya kabati, akasema, "Usiliseme chumbani. Mimi nilisema uongo mbele ya watu, na wewe sema kweli mbele ya watu." Akaulizwa kwa nini asiliseme mwenyewe, na shemeji anakuja kila siku saa kumi. Akasema atajaribu. Jumamosi akajaribu kwa mara ya tatu, akaanza, "Shemeji, ile rangi...", na shemeji akamshika mkono, akamwahi, "Nisamehe, shemeji wangu. Niliipaka nzito. Siku hizi naizimua sana." Marehemu akalia hadi mashine ikapiga kelele, daktari akaja mbio akidhani ni maumivu, akamchoma sindano ya usingizi, na maneno yakalala naye. Alifariki Jumanne ya tarehe 11 Juni 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini, miezi miwili na siku ishirini na nane.

Juzi katika kikao cha familia, kaka mkubwa wa marehemu alishauri visomwe vyeti na hayo ya ndege yaachwe, akisema historia ya marehemu si mahakama, na mama akasema, "Vyeti vyenyewe ni viwili, shemeji. Mtakaa dakika mbili mmemaliza. Mleteni mdogo wangu." Shemeji alipewa kile kifurushi, akakifungua gazeti, akasogeza kibao kwa kidole, juu, chini, juu, chini, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akauona mtulinga wa mhasibu, akageuza akakiona kipembe, akasema, "Miaka ishirini na mitatu nazimua rangi," akacheka hadi akashika ukuta, halafu akaacha kucheka, akasema, "Angekuwa hai ningemnasa kofi," akatoka.

Kwa hiyo familia inatamka mbele yenu, ambao wengi mlikuwepo uwanjani siku ile, kwamba rangi haikuwa nzito, ilikuwa sawasawa, kosa lilikuwa la fundi, na mkia huo uko hapa mezani, anayetaka akisogeze kibao kwa kidole, mradi asikivunje, na yule aliyepaza sauti nyuma, kama yupo, anajijua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, na tunaomba radhi kwa ule mlango, ambao mtoto wa pili wa marehemu ameutia mafuta jana, tunawashukuru majirani waliovumilia kelele za injini kwa miaka arobaini, wafanyakazi wenzake wa karakana waliotengeneza jeneza, na mhasibu kwa mtulinga wake. Ubao wa jina utakaosimama kaburini ameupaka shemeji mwenyewe jana mchana, hakuombwa na mtu, alikuja na kopo jipya, hakutia tone la kuzimulia, akapaka mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, nyeusi tii, herufi zinasomeka kutoka barabarani, na anaomba tuwaambie kwamba mtakaoubeba mshike kwa pembeni, kwa sababu rangi ni nzito, haijakauka.

Nenda salama, Bawaba, pumzika, tumekusemea.