Muziki wa Noella Uliopigwa Mara Moja

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Wewe uliye jikoni, punguza moto. Wewe uliye njiani, nenda taratibu, matope ya Aprili hayana adabu. Mimi ni Hollis Baines wa redio yenu ya bonde, na leo namkumbuka Noella Corriveau. Dereva wa basi la shule. Mpiga kinanda wa kanisa letu. Mtunzi wa muziki. Noella alifariki mwezi Januari, akiwa na miaka thelathini na mitano.

Nasema mapema ili asije mtu akanilaumu baadaye: leo nina hasira. Tangu Januari najaribu kuzimeza, nazo zinakataa kushuka.

Tuanze mwanzo. Noella alizaliwa hapa hapa Tarbell, nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha mbao. Alilelewa na mama yake, Darlene Corriveau, na wengi wenu mmekula kwa mkono wa Darlene. Msimu wa shule anapika shuleni. Kiangazi anapika kwenye Tamasha la Tarbell, kule juu, kwenye ukumbi na bustani ya nyasi. Kwa hiyo Noella alikua kila kiangazi akiwa jikoni kwa mama yake, anamenya njegere, dirisha liko wazi, na okestra inafanya mazoezi upande wa pili wa ua. Akitoka kwenda kukaa kwenye nyasi asikie vizuri, mlinzi anamrudisha. Nyasi zile zina tiketi.

Nyumbani walikuwa na kinanda kilichotupwa na kanisa. Darlene anasema, "Nikamwambia, we mtoto, hicho kinanda kina mapengo. Akanijibu, 'Ndiyo maana nayaruka, mama.'"

Akayaruka mpaka akafika chuo cha muziki, Boston. Alisoma miaka miwili. Kisha nyonga ya mama yake ikaharibika, akarudi kumuuguza, na Boston ikaishia hapo. Akachukua kazi ya kuendesha basi la shule. Watoto wenu ndio aliowabeba, asubuhi kwenda na alasiri kurudi. Kati ya safari hizo mbili, basi likiwa limeegeshwa nyuma ya gereji, Noella alikaa kiti cha nyuma kabisa na kuandika muziki. Majira ya baridi alivaa glovu zilizokatwa ncha za vidole. Fundi wa gereji aliwahi kumgongea kioo akamuuliza, "We Noella, unamwandikia nani barua ndefu hivyo?" Akasema, "Wapiga fidla." Jamaa akaenda zake.

Sasa, Tamasha letu lina ufadhili wake wa watunzi chipukizi. Kila kiangazi wanachaguliwa wanane, kutoka mamia ya walioomba. Wanaletwa hapa, wanalala kwenye zile nyumba nyeupe, wanafundishwa na wakubwa, na mwisho okestra nzima inapiga kazi ya kila mmoja. Noella aliomba mwaka hadi mwaka, akakataliwa mwaka hadi mwaka. Mwaka jana ulikuwa wa mwisho kwake kuruhusiwa kuomba, kwa sababu ya umri. Na mwaka jana akachaguliwa. Tangu Tamasha lianze, mtoto wa Tarbell hajawahi kuchaguliwa. Noella alikuwa wa kwanza.

Nilimpigia mama yake simu siku ile. Darlene akasema, "Eti chipukizi! Hollis, mwanangu ana mvi. Hilo chipukizi limechipuka hadi limeanza kukauka." Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, ndivyo alivyo Darlene.

Jioni ya kuwakaribisha, wageni wamevaa kitani nyeupe, bibi mmoja akamkabidhi Noella glasi tupu. Alimdhani mhudumu. Noella akaipokea, akaipeleka jikoni, akaiosha, akamwambia mama yake, "Wamenipokea vizuri, mama. Wameshanipa glasi." Wakacheka wote wawili hadi sufuria ya mahindi ikafurika. Mimi hadithi hiyo sijaweza kuicheka.

Kazi yake aliiita *Barafu Inaachia*. Ninyi mnaijua barafu ya ziwa letu mwezi huu wa Aprili. Inaguna kutoka chini, inanyamaza, inaguna tena, halafu siku moja inaachia na maji yanatembea. Kila mwaka mnaweka dau ni siku gani itaachia. Noella aliandikia okestra hilo tu. Kuguna, kimya, na mwisho maji. Dakika kumi na moja.

Siku ya watunzi ilipangwa asubuhi, na mlango ulifungwa kwa watu wa nje, isipokuwa jamaa wa mtunzi. Kila mtunzi alikuwa na zamu yake. Zamu ya Noella ilikuwa ya mwisho kabla ya chakula. Kijana aliyemtangulia alikuwa na haki ya nusu saa, akapata karibu saa nzima, maana mwongoza okestra alipenda kusimulia safari zake za Vienna. Na kanuni ya wapigaji ni moja: saa sita ikigonga, wanasimama. Sio ubaya, ni kazi yao na wameipigania kanuni hiyo. Basi, kazi ya Noella ikapigwa mara moja tu. Mwanzo hadi mwisho, mara moja, bila kusimama, bila kurudia. Haijapigwa tena hadi leo.

Orrin Sprague alikuwepo. Orrin mnamjua, mpiga tuba, lile baragumu kubwa la kukumbatia kama mtoto mnene. Wenzake wakimaliza kiangazi wanatawanyika, yeye peke yake anakaa hapa mwaka mzima. Orrin anasema, "Saa sita iligonga tukiwa tumebakiza ukurasa. Sijawahi kuona hili, Hollis. Hakuna aliyesimama. Tulimaliza. Halafu tukapiga miguu sakafuni, ndiyo makofi yetu sisi tulioshika vyombo. Noella alikuwa amekaa na karatasi zake mapajani, anatikisa kichwa tu, hapana, hapana, kama mtu aliyeletewa sahani isiyo yake."

Na mama yake? Mama yake alikuwa ng'ambo ya ua, hatua chache, anapanga kuku kwenye sahani. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu saa. Msimamizi wa jikoni akamwambia, "Darlene, mama yangu, siku yoyote isipokuwa leo. Leo wanakula wafadhili." Dirisha lilikuwa limefungwa, feni ya moshi inanguruma. Hakusikia hata noti moja.

Noella alipoingia jikoni na kumkuta mama yake amenuna, alimshika mabega. "Usijali, mama. Wamerekodi. Tutasikiliza nyumbani, ukiwa umevua viatu."

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hapo. Wamerekodi. Rekodi ipo. Iko kwenye maktaba ya Tamasha, pale juu, mnaweza kuliona paa lake mkiwa posta.

Noella alipokwenda kuichukua, akaambiwa haitoki. Ni ya kujifunzia tu. Mtunzi mwenyewe anaweza kuja, akavaa vidude vya kusikilizia masikioni, akasikiliza, akaondoka. Mtunzi mwenyewe, na si mtu mwingine. Kuitoa nje ni lazima wapigaji wote waridhie, mmoja mmoja, wote sitini na wanane, kwa sababu walilipwa kupiga, hawakulipwa kurekodiwa. Orrin ananiambia, "Mimi mwenyewe niliinua mkono kupitisha kanuni hiyo. Tuliibiwa sana zamani. Sikumfikiria mama wa mtu." Namheshimu kwa kusema hivyo.

Noella hakugombana. Alisema atawaandikia wapigaji mmoja mmoja wakati wa baridi. Oktoba akaanza kuchoka, akidhani ni watoto wenu na kelele zao. Ilikuwa saratani ya damu. Kufikia Krismasi alikuwa amelazwa hospitali ya Burlington, hana nguvu ya kushika kalamu.

Darlene alikaa naye kila siku. Anasema Noella alijaribu kumwimbia ile kazi pale kitandani. "Anaanza, 'Sasa mama, hapa fidla zinaingia hivi...' halafu pumzi inakata. Anaanza tena. Nikamwambia, acha mwanangu, nitaisikia. Akasema, 'Uisikie, mama. Niahidi utaisikia.' Nikaahidi. Mama gani hataahidi?"

Basi mimi nikampigia simu mkurugenzi wa Tamasha, bwana Prescott Ainsley. Noella alikuwa bado hai wakati huo, nataka mlijue hilo.

"Hollis, ndugu yangu," akaniambia, "mikono yangu imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na utaratibu."

"Huyo Utaratibu ana simu? Nipe namba nimpigie."

Hakucheka. Nikamwambia, basi waulizeni wapigaji, ni watu sitini na wanane, si taifa. Akasema wametawanyika, na ofisi haina mtu wa kazi hiyo. Nikamwambia, basi mleteni mama yake maktaba, avae hivyo vidude masikioni, asikilize. Akasema ruhusa ni ya mtunzi, haihamishiki.

Noella alifariki wiki ya pili ya Januari. Tulimuaga kanisani theluji ikianguka, na kinanda hakikupigwa, maana mpigaji ndiye tuliyekuwa tunamzika. Tamasha lilileta maua. Maua mazuri, siwezi kusema uongo.

Na mwezi Machi wakatoa kijitabu chao cha kuchangisha fedha. Ukurasa wa mbele, picha ya Noella anacheka. Chini yake: *Binti wa bonde letu, chipukizi wetu.* Kumbe ofisi ilikuwa na mtu! Mtu wa kutafuta picha, mtu wa kuipamba, mtu wa kuituma kwa maelfu. Mtu wa kuuliza watu sitini na wanane ndiye hakupatikana. Tena wamemwekea benchi. Liko kwenye zile nyasi alizofukuzwa utotoni, lina kibao cha shaba. Walimwita Darlene akalione. Akaliangalia, akasema, "Mwanangu hakuwa mtu wa kukaa," akarudi zake nyumbani.

Sasa nifike kwenye jambo la leo. Rekodi hatuna, lakini karatasi tunazo. Noella alizichapisha mwenyewe, za kila mpigaji, na baada ya siku ile zikarudi kwake. Darlene alizileta hapa studio asubuhi hii, zimejaa boksi la chupa za sharubati ya mepo, ile ya utomvu wa mti. Nikampigia Orrin. Akaja na tuba yake, matope hadi magotini, hata chai hakunywa. Darlene akakaa kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu, koti hajavua, mkoba mapajani. Orrin akatoa karatasi yake kwenye boksi, akaiweka, akapiga.

Niwaambie ukweli. Tuba peke yake si okestra. Inaguna, halafu inanyamaza. Inanyamaza muda mrefu sana, maana huko wengine ndio wanaofanya kazi. Orrin alikuwa anahesabu kwa kidole gotini. Mashine yetu hapa ikisikia kimya hudhani tumekufa, huanza kupiga matangazo ya matrekta, ikabidi tuizime. Tuba ikaguna tena. Ikanyamaza tena. Darlene hakutikisika. Orrin alipofika mwisho wa noti zake, aliteremsha tuba, akakaa kimya kwa ukurasa mzima uliobaki, anahesabu tu. Kisha akasema, "Ndiyo hiyo, mama."

Darlene akauliza, "Imekwisha?"

"Imekwisha."

Akafikiri. "Barafu nimeisikia. Ni yenyewe kabisa, ni ya pale kwenye gati la ziwa. Lakini maji sijayasikia."

Orrin akajikuna shingo. "Maji hayako kwangu, mama. Maji wanayo wale wengine. Fidla, filimbi. Ule ukurasa wa mwisho wote ni wao."

Darlene akafungua mkoba, akaufunga. Akanigeukia mimi, si Orrin.

"Basi waambie wayalete."

Wasikilizaji wapendwa, nimetumwa, nami nafikisha. Wapigaji wa kiangazi kilichopita, mlioko Cleveland, mlioko Montreal, mlioko popote: mlikuwa sitini na wanane, na Orrin ameshasema ndiyo. Mmebaki sitini na saba. Tunachowaomba ni neno moja, ndiyo, na mama atavua viatu asikilize. Jirani anayemjua hata mmoja wao, amfikishie.

Kwako Darlene, na ukoo wote wa Corriveau, pole sana. Bonde zima linawapa pole, na redio hii inawapa pole. Na sisi tuliobaki tujiulize ni kina nani wako jikoni kwetu leo, tumewafungia dirisha, na huku tunakula walichopika.

Sasa nanyamaza, nawaachia tuba ya Orrin kama alivyoipiga asubuhi hii, na kimya chake chote. Msiguse redio zenu, hazijaharibika. Pakiwa kimya, jueni ni hapo fidla zilipotakiwa kuingia, na Darlene amekaa anasubiri.