Pikapu ya Vizimba

Ndani ya basi, mkamata mbwa mstaafu alikuwa akimnadia muuza kuku aliyeketi kando yake pikapu yake ya vizimba. Mkewe alimpa mpaka Jumamosi: gari litoke uani, la sivyo atoke nalo.

“Vizimba vinafunga sawasawa?” muuza kuku akauliza.

“Mno, mama. Nilijifungia humo mwenyewe nikikimbia kijibwa kisichonifika gotini. Kikanilinda mpaka adhuhuri.”

“Akakutoa nani?”

“Mwenye mbwa. Akaniuliza kama nimechanjwa.”

Muuza kuku alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. “Mzee wangu, hilo gari unaliuza au unaliaga?”

 Basi likasimama, mama akashuka, na mzee hata namba yake ya simu hakumpa.